Chai Hainywewi Umesimama

Mwalimu alikuwa na visigino laini kama vya mtoto, na alikaa Langas, mtaa wa Eldoret. Anayeijua Langas wakati wa mvua ataelewa kwa nini naanza na visigino. Tope letu lilikuwa likivua watu viatu. Sisi wengine miguu ilikuwa imepasuka hadi ukiingia kitandani unasikia ikikwaruza shuka, na tulidhani ndivyo Mungu alivyopanga. Yeye akirudi kutoka shuleni, kabla hajawasha jiko, kabla hajauliza habari za mtu yeyote, aliketi mlangoni pake, akavua gambuti, akatia miguu kwenye beseni la maji vuguvugu. Aliisugua kwa jiwe. Aliikausha hadi katikati ya vidole. Halafu aliipaka yale mafuta ambayo wakulima huwapaka ng'ombe wakati wa kukamua, kutoka kwenye kopo lenye picha ya ng'ombe.

Watu walimcheka, na mimi nilikuwa wa kwanza, maana nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa mabati tu na niliona kila kitu. Siku moja nikamuuliza kama hana haya kujipaka dawa ya mifugo. Akajipiga paja.

"Huyu ndiye ng'ombe wangu," akasema. "Akipasuka, nani atanibeba?"

Sitawaambia alizaliwa mwaka gani wala baba yake alikuwa nani, kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Nilijua kwao ni upande wa Ziwa, kimji cha soko kisicho mbali na Eldoret, kama yeye alivyojua kwamba babu yangu alikuja Eldoret kutoka Central akitafuta shamba. Mimi nilikuwa fundi wa nguo. Nilishona sare za shule kwenye baraza, nikiishi na mama yangu katika vyumba viwili vya kukodi. Kila mtu alijua kwao jirani yake ni wapi, na kwa miaka mingi jambo hilo halikutuzuia kuombana chumvi.

Alifundisha sayansikimu katika shule ya msingi karibu na kwetu. Somo hilo lilipoondolewa kwenye mtihani, wenzake walihamia masomo mengine na kusahau sindano. Mwalimu alipewa Kiswahili. Alifundisha Kiswahili, ndiyo, lakini insha zake zilikuwa na mada za ajabu: Jinsi ya kuosha kidonda. Jinsi ya kupika uji usio na madonge. Ninavyojitunza nikiwa na homa. Mwalimu mkuu alipomwita ofisini kumuuliza, alikubali makosa kwa heshima zote, akarudi darasani akawaambia watoto waandike insha kuhusu kushona kifungo, na kila mmoja aje na kifungo.

Na chai. Kama kuna jambo moja ambalo Langas nzima ilijua juu yake ni hilo. Mwalimu hakunywa chai akiwa amesimama, na hakuruhusu mtu yeyote mbele ya macho yake anywe amesimama. Kuna siku wakaguzi wa shule walifika saa nne, wakati wa chai, bila taarifa. Walimu wote waliruka, vikombe vikagongana, mmoja akajimwagia. Mwalimu alibaki kitini. Alimaliza chai yake taratibu, akafuta mdomo, akainuka, akawaamkua wageni kwa adabu. Wenzake walingoja afokewe. Mkaguzi mkubwa alimtazama kidogo, akavuta kiti, akauliza kama kuna kikombe kingine. Kisa hicho alinisimulia karani wa shule akicheka hadi akashika ukuta. Mwalimu mwenyewe alisema tu kwamba yule bwana alionekana amechoka.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya kwa mama yangu.

Mama alikuwa mtu wa kupakua. Alinipakulia mimi, akampakulia mgeni, akampakulia hata mtu aliyepita kuuliza njia, halafu yeye akala ukoko, amesimama, akiukwangua kutoka kwa sufuria. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na sikuwahi kuliona hilo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa tangu nizaliwe. Mwalimu aliliona siku ya kwanza alipokula kwetu. Aliinuka, akachukua sahani yangu mbele yangu, nyama ikiwemo, akaiweka mezani mbele ya kiti kitupu.

"Mama Njeri, keti," akasema. "Unakula kama mtu anayengoja kufukuzwa."

Mama alicheka hadi machozi. Alikataa. Akaketi. Akakataa tena huku anakula. Siku hiyo ukoko nilikula mimi, na niseme ukweli, nilikasirika. Ila baada ya mwezi mmoja mama yangu alikuwa na kikombe chake chenye ua jekundu, kikombe ambacho mtu mwingine hakuthubutu kukigusa, na saa kumi jioni ungemkuta ameketi barazani na kikombe hicho, amenyoosha miguu, akitazama watu wakipita. Mimi nilikuwa na mashine, ratiba na wateja. Mama alikuwa na saa kumi. Sikuwahi kumwona akiwa na furaha namna ile, na hadi leo nikikumbuka moyo unaruka.

Msidhani alikuwa malaika. Alipenda umbeya, na umbeya ukiwa mtamu alisogeza kiti. Alifinya masikio ya watoto wenye kucha ndefu. Aliimba bafuni alfajiri, nyimbo za kanisa, kwa sauti ambayo kanisa lenyewe lilikuwa limeikataa kwenye kwaya. Tena huyu aliyehubiri kuhusu mwili kuliko pasta alivyohubiri kuhusu roho alikuwa akimwogopa daktari wa meno kama mtoto anavyoogopa sindano. Jino la nyuma lilimsumbua miezi mizima. Alitafuna karafuu. Aliwafundisha watoto kupiga mswaki huku mkono mmoja umeshika shavu. Mama yangu ndiye aliyemwendea hatimaye, akamwambia kwa upole kwamba kuna ng'ombe hapa anaumwa na mwenyewe anajifanya haoni. Mwalimu alicheka, kisha akalia, kisha akavaa koti. Njiani alikumbuka mara mbili kwamba ameacha jiko linawaka. Jiko halikuwa linawaka.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa zima, shavu limevimba, akawaambia watoto kwamba Mwalimu aliogopa sana, akaenda hivyo hivyo akiwa anaogopa, na baadaye akalala mchana kutwa bila kufanya kazi yoyote kwa sababu mtu akitoka kung'olewa jino hupewa ruhusa. Mtoto mmoja akauliza ni nani aliyempa ruhusa. Akasema alijiandikia mwenyewe.

Halafu ukaja uchaguzi.

Jioni ya matokeo tuliona moshi upande wa chini wa Langas, kisha upande wa juu, na kelele zikawa zinakuja na kwenda. Mwalimu alipita uani, akatushika mikono mimi na mama, akatuingiza chumbani kwake na kutuambia tuketi chini, nyuma ya kitanda. Nilidhani atafunga mlango. Aliuacha wazi. Akachota maji, akaweka beseni mahali pake pa kila siku, akaketi mlangoni, akatia miguu.

Vijana wa kabila lake walipita. Niliwasikia. Walisimama wakamwamkua kwa lugha yao, naye akawajibu kwa lugha hiyo hiyo, sauti yake ya kawaida kabisa, kama anayeulizwa habari za mvua. Mmoja aliuliza kitu. Nilisikia jiwe likisugua kisigino, kwa utaratibu ule ule, kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama mwaka. Baadaye alinieleza kwamba aliulizwa kama ameona watu wa nyumba ya jirani, akajibu kwamba yeye anaosha miguu, na kama wanataka kupita waruke beseni. Hakuna aliyeruka. Nani atamruka mwalimu mzee aliyetia miguu majini?

Asubuhi barabara ilikuwa wazi kwa muda mfupi. Alitutoa nje pamoja na majirani wengine waliokuwa wakikimbilia uwanja wa maonyesho, ambako watu walikuwa wanakusanyika. Alimfunga mama leso kichwani, akamwambia atembee polepole. Mama alikuwa na kifua kibovu tangu zamani.

Sasa nawaambia jambo ambalo kwa muda mrefu sikumwambia mtu. Tulikuwa tumefika kona nilipokumbuka cherehani. Nilimwambia mama asimame pale ukutani na wenzake, narudi sasa hivi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa inaungua. Niliingia, nikainua kichwa cha mashine, nikakifunga kwa shuka mgongoni kama mtoto. Nilipotoka nilisikia mtu akikohoa na kuniita ndani ya moshi. Mama hakungoja ukutani. Alinifuata.

Tulifika uwanjani sote wawili, na cherehani. Mama aliishi wiki tatu kwenye hema. Kifua hakikupona. Vumbi la mwezi ule lilikuwa jekundu na lilipenya kila mahali, na tulimzika katika vumbi hilo, mimi na watu wa mahema.

Baada ya hapo nilishona. Nilikuwa na mashine, nikaazimwa meza yake ya kukanyagia, na watu walikuwa na nguo zilizoraruka, basi nilishona tangu kupambazuke hadi nisione sindano. Sikutaka shukrani. Watu walinisifu kwamba nina moyo, kumbe nilikuwa najiadhibu. Sikuoga. Nywele sikuzigusa. Chakula kikija nilimpa mtu mwingine sahani yangu, na usiku nililala chini, ingawa mkeka wa mama ulikuwepo. Nilijiambia mtu aliyemuua mama yake kwa ajili ya chuma hana haki ya mkeka.

Mwalimu alikuja katikati ya hali hiyo. Alikuja kwa miguu kutoka Langas, peke yake, na mfuko wa sabuni begani na chupa ya chai mkononi. Mjue hilo lilikuwa jambo gani siku zile. Njiani watu wa kwao walimwuliza anawapelekea chai akina nani. Hapo kwetu watu walimzunguka, na si kwa wema. Mzee mmoja aliyekuwa amepoteza nyumba na ghala la mahindi alisimama mbele yake, akamwambia vijana wa kwenu ndio waliotuchomea.

Nilikuwa nimeinua kichwa kutoka kwa mashine. Nilimwona akiweka mfuko chini.

"Ndiyo," akasema. "Wengine wao nimewafundisha mimi."

Hakujitetea, hakuongeza neno "lakini". Alisimama vile, mikono wazi, kama anayengoja kupigwa, na nadhani kweli alikuwa anangoja. Kisha akageuka kwa wanawake waliokuwa karibu, akauliza maji yanachotwa wapi, na ni mtoto yupi ambaye hajaoga kwa siku nyingi zaidi. Mama mmoja alimwonyesha wake. Mwalimu akakunja mikono ya sweta. Yule mzee akaenda kuleta kuni.

Mimi alinifikia mchana, baada ya watoto kumi na kitu. Aliketi kwenye debe mbele ya mashine, akanitazama miguu, akanitazama nywele. Aliniuliza mama alikufa vipi. Nikamwambia yote, kona, ukuta, moshi, huku nashona, sikuacha kukanyaga. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilingoja aniambie kwamba si kosa langu, maana wote walisema hivyo na ilikuwa rahisi kutowaamini. Hakusema.

"Kama mama yako ndiye angerudi kuchukua mashine," akauliza, "na wewe ndiye umfuate, ufe, ungetaka anyimwe chakula?"

Nikasema hapana.

"Ungetaka anyimwe maji ya kuoga? Alale chini?"

Nikaacha kukanyaga.

"Basi huyu mtoto wake mbona unamtesa?"

Nililia hadi nikatapika maji matupu. Yeye hakunikumbatia wala kuniimbia. Alienda kuchemsha maji. Aliporudi alinawisha uso wangu, masikio, shingo, akanipa kikombe cha chai, akangoja niketi vizuri ndipo akaachia kikombe. Nilikuwa nataka, kwa ghafla, kuoga mwili wote, kuosha nywele, kusafisha hema, kufanya kila kitu siku hiyo hiyo. Akanizuia. Akasema leo uso tu. Kesho miguu. Mtu aliyejinyima muda mrefu halishwi sufuria nzima.

Kesho yake alirudi, tukafanya miguu. Kesho kutwa nywele. Siku ya nne niliamka kabla hajafika, nikachemsha maji mwenyewe, na nilipoyamwaga mgongoni, ndani ya kijibanda cha gunia, kukiwa na baridi ya asubuhi ya Eldoret, nilisikia mwili wangu ukiniitikia. Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimesahau kwamba nina mgongo. Nilitoka pale nikitabasamu kama mwendawazimu, nikakimbia kumwonyesha Mwalimu, kama mtoto aliyejifunza kuandika jina lake. Alinikagua nyuma ya masikio. Akasema nimepita.

Nilipotoka kwenye mahema nilipata chumba mtaa wa Munyaka. Langas sikuweza kurudi kukaa. Niliweka cherehani dirishani, na kila Jumamosi Mwalimu alikuja kunitembelea, na beseni lake. Kwanza tulikuwa wawili. Halafu jirani akachungulia. Halafu jirani akamleta dada yake. Kabla mwaka haujaisha Jumamosi ilikuwa na wanawake kumi na wawili uani kwangu, wa makabila yote yaliyokuwa yamekimbiana, kila mmoja na beseni, na mwendesha boda boda mmoja aliyekuja kuuliza kuhusu mgongo wake akawa habanduki. Wiki za kwanza waliketi kwa makundi, wa huku na wa kule. Mwalimu hakuwahutubia kuhusu amani. Alisema tu kwamba mtu hawezi kujisugua kisigino chake vizuri, basi kila mmoja amsugulie wa kando. Jiwe likaanza kuzunguka. Mama mmoja wa huku alikuwa ameshika mguu wa mama wa kule, hawajaongea, na ghafla yule wa kule akaruka kwa kutekenywa. Uani pote tukapasuka kwa kicheko. Mtu aliyekuwa akipita nje ya geti alisimama kutazama kuna sherehe gani.

Ilikuwa miaka mizuri. Tulijifunza kulala mchana bila kuomba msamaha. Tulijifunza kukataa kazi moja kwa wiki. Mimi niliyewahi kushona hadi nisione sindano nilianza kufunga mashine saa kumi, na mteja akilalamika nilimwonyesha kiti.

Lakini kuna Jumamosi moja ambayo siwezi kuiruka.

Kijana alikuja getini, wa miaka ishirini na kitu, kofia mkononi, akauliza kama Mwalimu yupo. Aliuliza kwa heshima. Mwalimu alimwona kutoka alipoketi. Uso ulibadilika, sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Alitoa miguu majini ikiwa bado ina sabuni, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba. Kijana alingoja kama saa nzima, kisha akaniomba nimsalimie, akaondoka.

Wanawake walipokwenda nilimkuta Mwalimu jikoni. Alikuwa amepiga magoti, anasugua sakafu yangu iliyokuwa safi. Aliisugua hadi vifundo vya vidole vikachubuka. Nilimwekea chai. Aliinywa pale kwenye karai, mgongo kwangu, amesimama.

Nilipomuuliza yule ni nani, alisema, "Nilimfundisha kunawa mikono."

Nikaelewa kwamba tangu siku ile alipoweka mfuko chini mbele ya yule mzee, alikuwa amebeba kitu ambacho hakukiweka chini. Sisi wote alitupa ruhusa. Yeye hakujiandikia. Nilichukua kitambaa kingine nikapiga magoti nikasugua upande wa pili.

Muda si mrefu alistaafu, akarudi kwao Ziwa kukaa na ng'ombe wake wawili. Jumamosi ziliendelea bila yeye, zikapungua, zikabaki watu wanne. Tulipigiana simu. Miaka ikaenda. Kila nikisema nitamtembelea kuna sare za kumaliza.

Mwaka juzi simu ililia asubuhi. Sauti yake ilikuwa juu, ya mtu mwenye haraka. Alisema nije Jumanne, siku yoyote nyingine hataki, nivae viatu visivyo na kisigino, kuna kitu nione. Nikauliza ni kitu gani. Akakata.

Nilifika Ziwa mchana, soko likiwa limejaa. Nilielekezwa nyumbani kwake, nyumbani nikaelekezwa shambani nyuma, mahindi yalikuwa yamevunwa na ardhi imebaki wazi na mabua mafupi. Nilisikia kicheko chake kabla sijamwona. Alikuwa juu ya baiskeli. Mwalimu, wa miaka sabini na kitu, sketi imekunjwa na kufungwa kwa kamba, suruali ya mwanamume ndani, akikanyaga kwenye njia nyembamba kando ya shamba, na mtu anakimbia nyuma yake ameshika kiti.

Nilicheka kwa sauti. Kisha yule mtu akageuka, nikamtambua. Alikuwa mnene kidogo, ana ndevu, lakini ni yeye, wa getini. Nikaacha kucheka.

Mwalimu alishuka, akanishika mikono yote miwili. Alikuwa anahema na macho yanang'aa. Alinieleza yote pale pale tumesimama, bila kunipa nafasi ya kukimbia. Daktari alimwambia magoti yanahitaji mwendo usio na uzito. Alipokuwa msichana aliambiwa baiskeli si ya wasichana, na alikuwa ameitaka tangu siku hiyo. Huyu bwana alikuja kwake mara ya tatu, mwaka uliopita, akasimama getini na kofia yake, na safari hiyo Mwalimu hakuingia ndani. Alimuuliza alifanya nini siku zile. Akamjibu. Alikuwa barabarani, kwenye mawe. Alizuia magari. Walipoanza kuchoma alitoroka, na tangu hapo hajajua kama kutoroka kunahesabika. Sasa huja kila Jumanne kumshikia baiskeli.

Yule mtu alikuwa anatazama chini. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba Langas hakufika, na kwamba hana neno la kuniambia ambalo linatosha. Sikujua kama namwamini, na leo bado sijui. Nilijua tu kwamba kuna mtu alikaa kwenye mawe na kuna mama yangu.

Mwalimu aliniona. Hakuniomba nimsamehe.

"Njeri, nimejiuliza miaka hii yote ni somo gani nilikosa kumpa," akasema. "Halafu nikapiga hesabu ya kawaida ya mwalimu. Nilikuwa naye dakika arobaini kwa siku. Siku ni ndefu. Mimi nilikuwa najihukumu kwa siku yote."

Alisema hivyo kama anayenieleza jinsi ya kukunja shati, halafu akapanda baiskeli tena, kwa sababu jua lilikuwa linakwenda. Yule mtu akashika kiti. Walikwenda mita ishirini, thelathini. Alimpigia kelele amwache, akamwacha. Aliendelea peke yake, mbele kabisa, viwiko nje, akiimba ule wimbo wake wa bafuni kwa sauti ile mbaya, na mimi nikawa nakimbia kando bila kujua nimeanza lini. Gurudumu likagonga bua. Akaenda upande, taratibu, akaanguka.

Tulikimbia, yule mtu na mimi. Nilikuwa wa kwanza kukaribia, nikasikia. Alikuwa ameketi kwenye mabua, sketi imejaa udongo, goti limechunika. Hakuwa anatutazama. Alikuwa ameweka kiganja juu ya goti lake, analipapasa kama la mtoto.

"Pole, Mwalimu," akajiambia. "Pole sana."

Alikaa hapo kidogo, hadi akatosheka. Kisha akanyoosha mikono miwili, mmoja kwangu na mmoja kwa yule mtu, tukamwinua. Akatuambia tushike baiskeli vizuri, kila mtu upande wake, safari hii tusimwachie hadi aseme.